Injini imechoka: tuifumue au tutafute nyingine?

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.



Leo nataka tuzungumze habari ya injini ya gari iliyochoka. Najua wapo watakaosema, "Sisi hatuna magari, tunapanda daladala, injini inatuhusu nini?" Inawahusu. Daladala unayopanda ina injini. Gari linaloleta mkate dukani kwako lina injini. Na katika mitaa yetu wapo wastaafu, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo ambao mali yao yote, ukiondoa nyumba, ni gari moja kuukuu. Injini ya gari hilo ikifa, nyumba nzima inatetereka.

Tena nina jambo la kukiri mbele yenu. Nitalisema waziwazi, kwa sababu huenda likamwokoa mtu mwingine.

Jirani yangu ni mzee mstaafu. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua pikapu, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ile ya lita 2.8. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa gari la kazi. Kila siku alipakia magunia ya chakula cha kuku na kuyapeleka kwa wafugaji wa Kitunda, Pugu na Chanika, kupitia zile njia za ndani ambazo wenyewe mnazijua: kiangazi vumbi, masika tope. Kwa pikapu hiyo aliwalipia ada watoto wake wawili wa mwisho.

Asubuhi moja pikapu ikagoma kuwaka mpaka tulipoisukuma. Ilipowaka ikatoa moshi mweupe, kisha wa bluu, mtaa mzima ukakohoa. Siku zilizofuata ikawa kila akichomoa dipstiki oili imepungua. Na akifungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma, moshi unapuliza pale kama mvuke wa sufuria ya ubwabwa. Mlimani, pikapu iliyokuwa ikipanda na magunia arobaini sasa ikawa inaomba msamaha kwa ishirini.

Basi tukakaa baraza chini ya mwembe. Fundi wa kwanza akatazama moshi, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hii toa tupa. Tafuta injini iliyotumika kutoka Japani, siku tatu uko barabarani." Wa pili akasema, "Hapana, bloku hii ni nzuri. Tuifumue, tuchonge silinda, tuchonge krenki, mwezi mmoja itakuwa kama mpya." Alipotaja gharama, mzee wangu akakaa chini. Ndipo kijana wa tatu akasogea na kusema, "Shikamoo mzee. Mimi nakuwekea ringi mpya tu. Siku mbili, na pesa kidogo."

Mzee akanigeukia mimi. "Bwana, wewe umesoma, unasema redioni. Unaonaje?"

Na mimi, ambaye spana niliyowahi kushika ni ya baiskeli, nikajibu kama mtaalamu: "Anza na cha rahisi, mzee."

Wahenga walishatuonya kwamba rahisi ni ghali. Pikapu ilikwenda vizuri kwa majuma machache, kisha moshi ukarudi. Mwezi wa tatu, njiani kuelekea Chanika na mzigo mgongoni, kukasikika chuma kinagonga chuma. Ilipofunguliwa, ringi za juu za silinda mbili zilikuwa zimevunjika, na vipande vyake vimekwaruza silinda kiasi kwamba ukipitisha ukucha unakwama. Pesa ya ringi imekwenda, na injini sasa ni mbovu kuliko ilipokuwa siku ya baraza.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Baada ya aibu ile nililazimika kujifunza, na niliyojifunza ndiyo ninayotaka kuwagawia leo.

Silinda ni tundu la mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Pistoni imevikwa ringi, pete za chuma zinazozuia nguvu ya mlipuko isishuke chini na oili isipande juu. Kwa miaka mingi ringi husugua silinda, lakini hazisugui sawasawa kila mahali. Karibu na juu, penye joto kali na oili kidogo, silinda hulika zaidi kuliko chini. Tena pistoni husukumwa zaidi kwenye pande mbili, kwa hiyo tundu lililokuwa la mviringo huanza kuwa na umbo la yai. Na pale juu kabisa, ambapo ringi haifiki, chuma hubaki bila kulika, ukabaki ukingo mdogo unaoweza kuusikia kwa ukucha.

Sasa chukua ringi mpya, ya mviringo kamili, uitie ndani ya silinda yenye umbo la yai. Haitaziba. Tena makali ya ringi mpya hukutana na ule ukingo wa juu, nayo yanaugonga kila pistoni inapopanda. Siku moja inavunjika. Ringi mpya peke yake ni dawa pale tu ambapo silinda imepimwa ikaonekana bado haijalika kupita kiasi. Silinda ya jirani yangu haikupimwa na mtu yeyote. Tuliipima kwa macho ya moshi na kwa unene wa pochi.

Kabla hujauliza kama injini ifumuliwe au ibadilishwe, uliza kama kweli imekufa. Wapo watu wengi mjini humu waliozika injini iliyokuwa hai.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini oili ina njia zaidi ya moja ya kuingia. Kama moshi unatoka asubuhi tu unapowasha, au unapoteremka mlima bila kukanyaga mafuta kisha ukayakanyaga tena, halafu unakatika, mara nyingi ubaya uko kwenye sili za valvu. Hivyo ni vipira vidogo vya bei ndogo, na kuvibadili si sawa na kufumua injini nzima. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Tazama filta ya hewa, tazama nozeli. Moshi mweupe usiokoma huku maji ya radieta yanapungua huenda ni gasketi ya silinda hedi. Katika dizeli, moshi mweupe wa asubuhi huweza kuwa ni mafuta yasiyoungua kwa sababu mgandamizo umepungua.

Huo mgandamizo, ambao mafundi wanauita kompresheni, hupimwa. Kipo kifaa kidogo chenye saa, kinafungwa mahali pa plagi, au kwa dizeli mahali pa nozeli au pa plagi ya kupashia moto, kisha injini inazungushwa kwa starta. Injini nzima ya petroli kwa kawaida husoma kati ya paundi 150 na 200 kwa inchi ya mraba. Ya dizeli husoma zaidi ya mara mbili ya hapo. La muhimu zaidi ni silinda zote zilingane. Tatu zikisoma vizuri na moja iko chini sana, ugonjwa uko mahali pamoja. Zote zikiwa chini, huo ni uzee. Na kwa injini ya petroli, fundi anaweza kumimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda na kupima tena. Saa ikipanda, ringi na silinda zimelika, kwa sababu oili imeziba nafasi kwa muda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Fundi ambaye hana kifaa hicho, wala hajui pa kukiazima, hajakuambia hali ya injini yako. Amekuambia maoni yake tu, kama nilivyotoa mimi ya kwangu.

Haya. Tuseme imepimwa na kweli imechoka. Njia ni mbili, na kila moja ina heshima yake.

Zamani hatukuwa na nafasi ya kuchagua. Kabla ya mwaka 1984, Serikali ya Tanzania iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, spea ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa barua na kwa kujuana. Gari likichoka lilichongwa, na likichoka tena likachongwa tena. Mafundi wa enzi zile walijua kupima kwa sababu hawakuwa na kitu cha kutupa. Leo ukienda Gerezani hapa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utakuta injini zimepangwa kama mafenesi. Wingi huo umetufanya tusahau kuuliza maswali.

Kufumua na kuchonga kunafaa pale ambapo bloku ni nzima, ni ya chuma cha kutosha, na spea zake zinapatikana. Injini za kazi za zamani, kama hiyo 3L au ile 1HZ ya Land Cruiser ya lita 4.2, ziliundwa zikiwa na akiba ya chuma. Silinda inatanuliwa kidogo kuondoa umbo la yai na mikwaruzo, kisha inawekwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo zinauzwa kwa hatua, kwa mfano milimita 0.50 au 1.00 zaidi ya saizi ya kiwandani. Krenki nayo, yaani ule mtaimbo wenye viwiko unaozungushwa na pistoni, inasagwa na kuvikwa beringi nene kidogo.

Lakini kazi hii haivumilii kubahatisha. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele wako. Kwa hiyo pistoni hununuliwa kwanza, ndipo silinda ichongwe kufuata pistoni hizo. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda hedi hupimwa kama imepinda. Bolti hukazwa kwa spana inayopima nguvu, si kwa nguvu za ugali. Injini ikishafungwa huendeshwa kwa adabu kilomita 1,000 za mwanzo, bila mzigo mzito, na oili ya kwanza humwagwa mapema kwa sababu ina unga wa chuma.

Muulize fundi wako atachongea wapi, na uende naye. Mwambie akuandikie vipimo kwenye karatasi. Kama anakuambia "usijali, bosi", wewe jali.

Ubaya mwingine wa njia hii ni kwamba gharama kamili haijulikani mpaka injini ifunguliwe. Unaanza na pistoni, unakuta krenki imelika; unamaliza krenki, unakuta silinda hedi ina ufa. Mtu asiye na akiba huishia katikati, injini iko ndani ya karai, bolti ziko kwenye kopo la maziwa, na gari limegeuka banda la kuku. Ukiamua kufumua, weka pembeni pesa ya yale usiyoyajua.

Njia ya pili ni kutafuta injini nyingine iliyotumika. Kuna sababu nyingi huja kutoka Japani. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri kuacha gari ambalo kwetu sisi bado ni bwana harusi. Mengine hukatwa na injini zake kusafirishwa, baadhi zikipitia masoko ya spea ya Sharjah. Kwa hiyo injini nzuri zipo. Tena kwa magari mengi madogo ya siku hizi hii ndiyo njia ya busara. Toyota IST, kwa mfano, ina injini ya 1NZ yenye bloku ya aluminiamu na kuta nyembamba za chuma ndani ya silinda. Haikukusudiwa kuchongwa na kuchongwa tena kama babu zake. Inaweza kutiwa slivu mpya, lakini kazi hiyo inataka karakana hodari, na mara nyingi gharama yake haina maana ukilinganisha na injini nyingine nzima.

Hatari ya njia hii ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Injini iliyooshwa ikapakwa rangi ya fedha haijawa nzima kwa sababu inang'aa. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta masizi mazito kama lami, mwenyewe wa kwanza hakuwa akibadili oili. Tazama bolti za silinda hedi kama zina alama za kufunguliwa. Zungusha krenki kwa mkono, isikwame. Tazama kama kuna kutu mahali pa plagi, maana injini iliyokaa uwanjani ikinyeshewa huoza ndani. Kisha omba kompresheni ipimwe mbele yako, kwa betri na starta, palepale dukani. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakataa. Dai risiti yenye namba ya injini, na dhamana iliyoandikwa siku zake. "Ikiwaka imewaka" si dhamana.

Kabla haijaingia kwenye gari, wakati bado iko sakafuni na kila kitu kinafikika, badili mkanda wa taimingi kama injini ni ya mkanda, badili pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki. Kazi hizo ukiziacha leo utazilipia mara mbili kesho. Hakikisha pia kwamba waya na kompyuta ya injini vinakubaliana na gari lako. Injini mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na mifumo tofauti.

Na jambo moja ambalo wengi hulisahau: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, nenda na risiti yako kwa Mamlaka ya Mapato kumbukumbu zirekebishwe. Siku ya kuuza gari, au siku polisi watakapolinganisha namba, hutataka kuanza kueleza historia.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi huamua kwa kuangalia bei ya kazi peke yake. Chukueni mfano tu, si bei ya soko. Tuseme gari lako likiwa zima linauzika kwa shilingi milioni 12, na lilivyo sasa, injini mbovu, hupati zaidi ya milioni 7. Kuifufua injini kunagharimu milioni 4. Hapo kuna maana. Lakini kama gari lenyewe limeoza chesisi, giaboksi inalia, na likiwa zima halizidi milioni 6, kulitia injini ya milioni 4 ni kumvalisha suti mpya mgonjwa wa siku nyingi. Heri uliuze kama lilivyo.

Ongeza hesabu ya siku. Gari la biashara linaloingiza shilingi 40,000 kwa siku likikaa gereji siku 30, umepoteza milioni 1 na laki 2 ambazo hakuna fundi aliyekuandikia kwenye karatasi. Hapo injini ya kubadili kwa juma moja, hata kama bei yake ni kubwa kidogo, inaweza kuwa nafuu. Kwa gari la kwenda kazini na kanisani au msikitini, subira inawezekana, na kuchonga kunaweza kuwa bora.

Lakini wasikilizaji, hata hesabu hiyo haitoshi. Kuna swali linalotangulia yote, na sisi tuliokuwa chini ya mwembe hakuna aliyeliuliza.

Baada ya ringi kuvunjika, mzee alikwenda kwa fundi mmoja mtu mzima aliyejifunza kazi zamani katika karakana ya reli. Fundi yule hakushika spana. Alikaa, akawasha redio yake, akauliza, "Mzee, nini kiliiua?"

Jirani yangu akasema, "Uzee, fundi."

"Hapana. Uzee ni umri. Nini kiliiua?"

Akainuka, akafungua mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye filta hadi kwenye injini, akapitisha kidole ndani, akakitoa. Kilikuwa chekundu kwa vumbi. Akaugeuza mpira ule. Upande wa chini, karibu na klipu, ambako mtu akisimama haoni, ulikuwa umechanika upana wa ukucha.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Filta ya hewa ilikuwa safi, mzee aliibadili kila mara. Lakini injini ilikuwa inavuta hewa kupitia kwenye ufa, baada ya filta, na vumbi lote la Chanika likaingia nalo. Vumbi la njia zetu lina mchanga ndani yake, na mchanga ni msasa. Umesaga ringi na silinda kila siku, kimyakimya, kwa miaka sijui mingapi.

Sasa fikirini. Kama tungemsikiliza fundi wa kwanza na kuweka injini ya Japani, ingevuta vumbi lilelile kupitia ufa uleule, ikafa. Kama tungemsikiliza wa pili na kuchonga kila kitu kwa ustadi, nayo ingekufa. Tulikuwa tunabishana juu ya jeneza la aina gani, na muuaji yuko hai ndani ya nyumba.

Kila injini iliyochoka kabla ya wakati ina muuaji wake. Kwa wengine ni oili isiyobadilishwa, inayoongezwa tu juu ya uchafu. Kwa wengine ni radieta iliyoziba, gari linachemsha, dereva anasema atafika tu. Kwa wengine ni themostati iliyotolewa na fundi akisema nchi yetu ni ya joto. Injini haihesabu joto la Dar es Salaam. Inataka kufika kwenye joto lake yenyewe, karibu nyuzi 80 hadi 90, na ikiendeshwa baridi kila siku mafuta huosha oili kwenye kuta za silinda, zikalika. Kwa daladala nyingi muuaji ni deiwaka asiye na uchungu, na tajiri anayedai hesabu jioni bila kuuliza oili asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe ulikuwa wa mpira.

Kwa hiyo mtu akikuambia injini yako imekwisha, muulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Umeipima, na imesoma ngapi? Nini kiliiua, na nionyeshe? Nikitia pesa hii, gari litakuwa na thamani gani na litakaa siku ngapi bila kazi? Akijibu yote matatu, jibu la kufumua au kubadili litakuja lenyewe. Akishindwa lile la pili, usitoe hata senti.

Pikapu ya jirani yangu iko barabarani. Ilichongwa. Fundi yule wa reli alisema kwamba kabla ya ringi kuvunjika ingetosha kuchongwa kwa 0.50, lakini kwa mikwaruzo ile ililazimu kwenda 1.00, saizi ya mwisho iliyoweza kupatikana. Maana yake bloku ile ilikuwa na uhai wa akiba, nao ulipotea kwa sababu ya ushauri wangu. Tena gharama ilipanda. Mzee aliuza kiwanja kidogo alichokuwa amemwekea binti yake.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa amekaa barazani anafunga mpira mpya kwa klipu mbili badala ya moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana, wewe hukukosa. Uliulizwa, ukajibu. Mimi ndiye niliyekosa kukuuliza wewe."

Hakuwa na hasira. Ndiyo maana maneno yale yamenikaa moyoni, na ndiyo maana leo nimekuja kwenu si kuwaambia mfumue au mbadili, bali kuwaambia mtafute anayepima.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo. Kwaherini.